Ubao wa Mwalimu Parri

Llanhelyg, Wales
9 Novemba 1996

Kwa Shangazi yangu mpenzi Khole,

Asalaam aleikum. Nnaomba barua hii ikukute kifua kishakuacha na unapanda ngazi zako bila ya kusimama katikati. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina haya, inaingia hata pale ulipofunga. Baba kanambia kwa simu kwamba mwanao Humam na mkewe Khulood wamehamia nyumba yao mpya Al Amerat. Wape mkono wa hongera, na Rahaf wao mbusie mashavu yote mawili.

Ya kwangu ni haya. Nimehama mjini. Kazi inakwenda, alhamdulillah, lakini mjini palikuwa na kelele, nikapata chumba katika kijiji kinaitwa Llanhelyg. Usijitaabishe kulitamka, mimi nimechukua wiki mbili. Kijiji kina nyumba arubaini na mbili, kanisa la mawe la miaka mia saba, na nyumba nyengine ya sala wanayoiita kapel, kwa sababu babu zao waligombana na wenye kanisa wakajijengea yao. Pana duka ambalo ndilo posta, skuli ya watoto kumi na tisa, na kondoo hawana idadi. Zamani palikuwa na machimbo ya madini ya risasi juu ya mlima. Yalipofungwa, nusu ya watu wakaondoka.

Lakini, Shangazi, ungewaona watu hawa wanavyokijua kijiji chao! Kila konde lina jina. Lipo Konde la Chemchemi, lipo Konde la Mjane, lipo linaloitwa Rudi Nyumbani. Na kwa kuwa kila mtu wa pili anaitwa Jones, humtambulisha mtu kwa kazi: Jones Posta, Jones Maziwa, na yuko Jones Mkate ambaye hajapika mkate maisha yake, babu yake ndiye aliyepika.

Mwenye nyumba wangu ni Bi Gwenllian, mwalimu mstaafu, ana miaka themanini. Kwa miaka tisa anakusanya tarikhi ya kijiji na parokia yake ili kiwe kitabu: nani kazaliwa nyumba gani, nani kazikwa wapi, daraja lilijengwa lini na nani aliokolewa mtoni. Sasa macho yamemtupa. Pembeni anaona, katikati pana kiza. Mimi namsomea makaratasi, na yeye ananambia niandike nini. Juzi tulikwenda makaburini, akapapasa maandishi ya jiwe kwa vidole akanitajia jina, mwaka na ugonjwa uliomuua maiti, hakukosea hata moja.

Nikawaza: nani kaandika yetu? Wewe unaijua Wete yetu ya Pemba nyumba kwa nyumba. Niandikie, Shangazi. Hata ukurasa mmoja.

Nnakubusu mikono.
Mwanao, Rahila

*

Maskati
2 Disemba 1996

Kwa binti yangu Rahila, Mungu akuhifadhi na hiyo baridi,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeipokea, nimeisoma mwenyewe, kisha nikamsomea babako Nasr kwa sauti, naye kacheka hiyo ya Jones Mkate mpaka akavua miwani. Hapa hatujambo. Kifua kimepungua. Jua nalo limepunguza ghadhabu, mtu sasa anaweza kukaa barazani. Humam anaamka alfajiri, anavuka mlima kwa gari mpaka bandarini Matrah, na jioni anarudi njia ile ile. Namwambia ungenunua nyumba karibu, ananijibu, "Mama, nataka uwa." Basi ana uwa.

Hao watu wako nimewapenda. Nyumba arubaini na mbili, na wameona zinastahiki kitabu! Hapa mtu anabomoa nyumba ya babu yake asubuhi, jioni hakumbuki mlango ulielekea wapi. Mwambie huyo Bi Gwenllian kwamba kuna mwalimu mstaafu mwenzake Maskati anamwamkia. Mwambie na sisi Wete tulikuwa na kina Hamdan watatu: Hamdan Baiskeli, Hamdan Mrefu, na Hamdan Sio Yule.

Ama hilo la kuniomba niandike, mwanangu, mimi sina la kuandika. Walioyajua wamekwisha kufa, na mimi n'likuwa nashughulika na watoto. Mwachie anayejua.

Mama wa jirani anauliza: goti likivimba asubuhi tu, jioni likatulia, ni nini? Nimemwambia daktari wetu, ndiye wewe, atajibu. Ninapopita nawe mdomoni, mwanangu, natembea kwa maringo.

Shangazi yako, Khole

*

Llanhelyg
20 Januari 1997

Kwa Shangazi yangu,

Ramadhani karim kwako na kwa wote. Mungu azipokee funga zenu. Huku mchana ni mfupi, nafunga kama mtu anayechelewa kula tu, msinionee huruma. Huyo mama wa goti aende akapigwe picha, asingoje jibu langu.

Salamu zako nilizifikisha. Bi Gwenllian alicheka kwa Hamdan Sio Yule, akanambia niliandike jina hilo pembeni ya daftari lake, kwa sababu, alisema, hiyo ndiyo tarikhi hasa.

Lakini limetokea jambo, nami sina wa kumwambia ila wewe.

Skuli ya hapa, tangu ilipofunguliwa zaidi ya miaka mia iliyopita, kila mwalimu mkuu alitakiwa aandike daftari la kila siku, kwa Kiingereza: watoto wangapi wamekuja, nani mgonjwa, nani kenda kuvuna. Tumefika mwaka 1914. Mwalimu mkuu wa wakati huo anaitwa Parri, mwandiko wake mzuri kama wa kuchapa. Naye ndiye baba yake Bi Gwenllian.

Nikafika ukurasa umeandikwa: "Ubao leo umevaliwa na watoto wanane." Wewe hutajua ubao gani. Ni kipande cha mbao chenye kamba, anavishwa shingoni mtoto akisikika anasema lugha ya kwao, Kiwelshi. Hawezi kuuvua mpaka amsikie mwenziwe naye akikosea, amshitaki, ndipo humvisha huyo. Atakayekutwa nao kengele ya mwisho ndiye anayechapwa. Skuli nyingi za huku zilikwisha kuuacha zamani, yeye alikuwa bado. Chini pana majina. La mwisho ni "Ifan Rees, umri saba, mara tatu wiki hii." Ifan ndiye mzee anayetuletea mayai kila Alkhamisi.

Nikamtazama Bi Gwenllian amekaa, uso umetulia, anangoja. Nikashindwa. Nikageuza kurasa mbili kwa pamoja, nikasoma habari ya mafua na ya mvua.

"Umeruka," akanambia.

"Karatasi zimegandana."

"Hazikugandana. Daftari hilo nalijua kwa sauti yake."

Akasema, "Ukurasa huo niliuona miaka minane nyuma, macho yangu yalipokuwa mazima. Watu wa kamati ya kitabu niliwapa wausome, mmoja baada ya mmoja. Wote waliuruka. Nilidhani mgeni hatakuwa na sababu ya kuuruka."

"Ni baba yako," nikamwambia.

"Ndiyo. Kwa hiyo nani mwengine atausoma?"

Nikaurudia, nikausoma wote, jina kwa jina. Hakulia. Aliniambia tu niandike kwa wino, si kwa kalamu ya risasi.

Kamati haitaki ukurasa huo uwemo kitabuni. Mwenyekiti, Bwana Emrys, kaja kunywa chai, kasema kitabu ni cha kijiji kujivunia. Bi Gwenllian kamjibu, "Kitabu cha sifa tupu ni tangazo la hoteli, Emrys." Nampenda mwanamke huyu, Shangazi. Sijapata kumuona mtu asiyejipendelea namna hii.

Wewe unaonaje? Aandike, au amsitiri babake?

Mwanao, Rahila

*

Llanhelyg
11 Aprili 1997

Kwa Shangazi Khole,

Salaam nyingi. Idi imepita, na Idi ya pili ni wiki ijayo, na mimi bado sijaona mkono wako. Nimempigia Baba, kasema hujambo na hukuwa na safari. Bi Gwenllian ananiuliza kila posta ikija, "Maskati wamesemaje?"

Nimekukosea? Kama ni kuhusu kuandika ya Wete, nimekwisha kuyaacha.

Rahila wako

*

Maskati
6 Mei 1997

Kwa mwanangu Rahila,

Waaleikum salaam. Hukunikosea. N'likuwa nimeshughulika. Khulood kajifungua mtoto wa kiume, nikakaa nao Al Amerat siku arubaini. Mzazi hajambo, mtoto ana sauti. Rahaf kaona wivu, kaficha viatu vya mdogo wake ndani ya tanuri. Joto limeshaanza, juzi usukani wa gari la Humam umemuunguza kiganja. Babako meno yanamsumbua, hataki kwenda kwa daktari, eti anakungoja wewe, nami namwambia udaktari wa meno ni mwengine.

Nimekaa na mjukuu huyu mchanga siku arubaini, naye analia, na mimi nambembeleza kwa Kiarabu. Basi.

Ya ule ubao usiniandikie tena. Kila mtu ana wakati wake, na watu wa wakati ule walifanya waliloona lina kheri kwa watoto. Mzee wa watu keshakufa. Mwambie bibi yako huyo amwache babake alale.

Shangazi yako, Khole

*

Llanhelyg
15 Juni 1997

Kwa Shangazi yangu,

Hongera ya mjukuu, Mungu amkuze katika dini na afya. Viatu vya ndani ya tanuri nimemsimulia Bi Gwenllian, kavitolea hukumu: Rahaf atakuja kuwa jaji.

Umeniambia nisikuandikie ya ubao, sitakuandikia. Nitakuandikia ya kwangu, kwa sababu nikikaa na mwanamke yule kila siku naona aibu uso kwa uso.

Shangazi, mimi sifanyi kazi hospitali. Sijafanya tangu nije. Daktari aliyesomea nje anatakiwa afanye mtihani wa hapa kabla ya kuruhusiwa kumgusa mgonjwa. Nimeufanya mara mbili na mara mbili nimeanguka. Si kwa kutojua dawa. Wananiweka mbele ya mtu anayejifanya mgonjwa, natakiwa nizungumze naye kwa Kiingereza chepesi, nimtulize, na mimi nakauka kama kuni. Mara ya pili nilipoanguka ndipo nilipohama mjini. Nilisoma tangazo dukani: mzee anatafuta wa kumsomea, atampa chumba na chakula. Ndiyo kazi yangu. Naye anajua. Nilimwambia siku ya kwanza, kwa sababu yeye si wa kwetu.

Nilikuacha utembee kwa maringo kwa ajili ya kitu ambacho hakipo. Nisamehe. Baba usimwambie bado. Nitamwambia mwenyewe.

Mtihani wa tatu ni Oktoba. Bi Gwenllian ananifanyisha mazoezi: yeye anakuwa mgonjwa. Kila siku ananijia na ugonjwa mpya, na ananifokea nikitazama kitabuni badala ya kumtazama usoni, ingawa uso wangu yeye hauoni.

Mwanao, kama bado ni mwanao,
Rahila

*

Maskati
3 Julai 1997

Kwa binti yangu, na binti yangu utabaki, Rahila,

Salaam za moyo. Ulidhani sijui? Tangu nilipoipokea barua yako ya kwanza nilijua. Daktari gani wa hospitali ana nafasi ya kumsomea kizee makaratasi na kuzunguka naye makaburini? Nilimsomea Nasr zile za Jones, hizo nyengine nikaziruka. Maringo n'likuwa nayatia makusudi, ili uone tunakuamini. Sasa naona nilikuwa nakutwisha mzigo juu ya mzigo. Fanya mtihani wako. Ukianguka mara ya tatu, rudi, chumba kipo.

Lakini wewe umesema la kwako, na mimi nimekaa na barua hii siku tisa. Nitakwambia kwa nini n'linyamaza miezi mitatu.

Tulifika Maskati mwaka 1972. Humam ana miaka minne, Maram ana miwili. Tulipanga Matrah, nyumba ya nyuma ya soko. Sisi sote kinywani mna Kiswahili tu. Watoto wa mtaani wakawa wanawaigiza, wakawaita Wazanjibari, mwanangu Humam siku moja akarudi na kanzu imechanwa na sikio linavuja damu. Mimi nimepata kazi ya kusomesha, nasikia waalimu wenzangu wanavyocheka nikikosea. Nikasema basi. Nikatangaza nyumbani: kuanzia leo Kiarabu peke yake. Atakayesema neno la Kiswahili hatoki nje kucheza. Na atakayemsikia mwenziwe akaja kunambia, atapata halua.

Maram mdogo alipenda halua, Rahila. Alijifunza kumsikiliza nduguye nyuma ya mlango.

Ubao sikuwa nao. Halua ilitosha.

Mwaka 1976 mama yangu, bibi yako Bi Sayyida, akaja kutoka Wete na begi moja. Kiarabu chake kilikuwa cha Qur'ani na cha salamu. Nikampa chumba cha pembeni ya ngazi, nyumba hii hii niliyomo leo. Humam alikuwa na mitihani, anaanza kushika nafasi za mbele darasani, nikaogopa. Nikamkataza kuingia kwa bibi yake na kuzungumza. Nilimwambia, "Utaharibu ulimi wako." Miaka minne mama alikaa ndani ya chumba kile. Nyinyi mlikuwa Sohar, mkija siku za Idi ndio alikuwa na watoto wa kuzungumza nao. Wewe ulikuwa mdogo, sijui kama unamkumbuka vyema.

Hakunilaumu hata siku moja. Mara moja tu alinambia, "Khole, watoto wako wana adabu sana. Hawana kelele."

Kafa mwaka 1980. Watoto wangu wakasimama kwenye matanga yake kama wageni waliokuja kutoa pole.

Leo Humam ananijia kila Ijumaa, ananibusu kichwa, ananiuliza afya, anaondoka. Hakuna siku aliyokaa akanipigia gumzo. Nami nikijiuliza kwa nini, nikawa najua na sitaki kujua. Ndipo ikaja barua yako na mbao shingoni mwa mtoto wa miaka saba.

Uliniuliza: aandike au amsitiri? Sijui, mwanangu. Huyo Parri angeulizwa, angesema kama mimi: niliwapenda.

Shangazi yako, Khole

*

Llanhelyg
30 Novemba 1997

Kwa Shangazi yangu kipenzi,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyoweza kuijibu. Nisamehe kuchelewa. Sikumsomea mtu. Bi Gwenllian aliniuliza Maskati wamesemaje, nikamwambia, "Shangazi kasema Mwalimu Parri angesema aliwapenda." Akasema, "Na ingekuwa kweli. Hilo ndilo gumu lake."

Sasa nikupe khabari ya mkutano. Kamati iliita kijiji kizima katika ukumbi wa kapel, Jumamosi ya mwanzo ya Oktoba, waamue kitabu kichapwe vipi. Walikuja watu themanini, na kijiji kina watu mia na themanini. Bwana Emrys akasema kwa upole kwamba kuna ukurasa mmoja, na kwamba wajukuu wa watoto wale bado wanaishi hapa, kwa nini tuwatoneshe. Watu wakaitikia kwa vichwa. Na usimdhanie vibaya: ni mtu aliyelisimamia paa la skuli lisianguke kwa mikono yake mwenyewe.

Bi Gwenllian akainuka. Nikamshika mkono, akautoa. Alisimama peke yake, amevaa koti lake la kanisani, akausoma ukurasa kwa moyo, kwa sababu kuuona hauoni: tarehe, baridi, watoto wanane, jina kwa jina. Kisha akasema, "Aliyeandika haya ni baba yangu. Aliniimbia kwa Kiwelshi kila siku nyumbani. Skuli aliwachapa wenzangu kwa kuisema lugha ile ile. Nataka iandikwe, na jina lake lisifichwe."

Watu wawili wakatoka. Emrys akaanza, "Gwenllian, imetosha," ndipo akanyanyuka Ifan, yule mzee wa mayai. Ana miaka tisini. Alisema Kiwelshi, na mwanamke wa duka akanifasiria sikioni.

"Mimi niliuvaa," alisema. "Mara ya tatu niliuvaa kwa kusema 'eira.' Theluji. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, nikaiona inaanguka, nikafurahi, ikanitoka. Nilichapwa. Marehemu mke wangu nilikaa naye miaka hamsini na moja, sikumwambia."

Akashika mgongo wa kiti cha mbele yake, akaendelea.

"Na jengine. Ndugu yangu mkubwa alikwenda vitani Ufaransa. Barua zake zililazimika kuandikwa Kiingereza, maofisa wazikague. Mama yangu hakujua Kiingereza hata neno. Kila Jumamosi, mwaka mzima, Mwalimu Parri alipanda mlima kwa miguu kuja kumsomea mama barua za mwanawe kwa Kiwelshi. Na ilipokuja ile ya mwisho, ya serikali, aliisoma hiyo pia, akakaa na mama mpaka asubuhi. Mtu yule yule. Andikeni yote mawili."

Bi Gwenllian akamgeukia, akasema, "La barua sikulijua. Baba hakulisema."

"Hata mimi sikuulizwa," Ifan akajibu, akakaa.

Wakapiga kura kwa mikono. Mikono sitini na kitu ikanyanyuka. Emrys hakunyanyua wake. Lakini Jumatatu alikuwa mlangoni kwetu kabla ya chai, ana mashine yake ya kunakili sauti, anataka twende naye kwa Ifan tukamrikodi. Tulikaa kwa mzee siku tatu. Anayajua majina ya makonde kumi na nne ambayo hayamo katika ramani yoyote.

Kitabu kitatoka majira ya kuchipua. Kurasa mia nne na sita. Naomba uamini kwamba katika hizo utacheka zaidi kuliko utakavyolia.

La mwisho: mtihani nimefaulu. Aliyejifanya mgonjwa alikuwa bibi mmoja mkorofi, sikumuogopa hata kidogo, nimekwisha kufunzwa na mkorofi mwenzake. Baba nimemwambia yote. Kaniuliza kama sasa anaweza kunionesha meno.

Mwanao, Rahila

*

Maskati
18 Januari 1998

Kwa daktari wangu, Rahila,

Waaleikum salaam warahmatullah, na Ramadhani njema. Nilipigia kigelegele barua yako peke yangu jikoni. Mtoto wa Humam ameanza kusimama. Nasr kaenda kwa daktari wa meno, wamemng'oa mawili, anakulaumu wewe.

Mfikishie Bwana Ifan salamu zangu. Mwambie maneno yake yamevuka bahari na kuna mtu kayashika.

Juzi Ijumaa Humam alikuja kufutari na familia. Tulipokwisha kula, Khulood kawapeleka watoto kwa babako, na yeye akainuka kuniaga kama kawaida yake. Nikamwambia, "Kaa." Akakaa pale pale kwenye mkeka. Nikamwambia yote, kwa Kiarabu, kwa kuwa ndicho nilichompa. Halua, nje asitoke, chumba cha pembeni ya ngazi. Nikamwambia, "Nilikuogopea. Na nilikudhulumu, na nilimdhulumu bibi yako. Yote mawili."

Aliushika ukingo wa mkeka. Nikadhani atainuka. Kisha akanambia, "Mama, nimekuwa nikitaka kukuuliza kitu tangu nna miaka minane."

"Uliza."

"Kila nikipita mlangoni kwake kutoka skuli, Bibi alikuwa akinambia neno moja. Kila siku hilo hilo. Mimi nikisikia 'chakula.' Neno hilo nilikuwa nalikumbuka. Nikajua ana njaa, na kwamba wewe humpi. Basi n'kawa naiba mkate jikoni nampelekea. Naye anausukuma, ananirudishia mimi, analisema tena lile lile. Nikaona hataki kitu kutoka mkononi mwangu. Nikaacha kupita mlango ule. Nikawa nazunguka kwa uwani."

Rahila, mwanangu, nikamsogelea. Nikamwambia alitamke hasa alivyolisikia. Akafikiri, akasema polepole, kama mtu anayetoa kitu kisimani:

"Ushakula?"

Nikamwambia, "Hakuwa akiomba. Alikuwa akikuuliza wewe. Umetoka skuli, ana hamu ajue kama mjukuu wake keshakula."

Humam akafunika uso kwa kilemba chake. Ana miaka thelathini, ana watu sitini chini yake bandarini, na alilia kama siku ile ya kanzu iliyochanika. Sikumnyamazisha. Nilimshika kichwa tu.

Alipotulia akaniuliza, "Na mtu akiulizwa hivyo, hujibu nini?"

"Hujibu: Nshakula, Bibi."

Akalisema. Likamkwama ulimini, nikamsahihisha. Akalisema tena, na tena, ameelekea upande wa ngazi, kilipo chumba cha bibi yake, mpaka akalipatia.

Shangazi yako,
Khole